Zamu ya Jumamosi

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabomba na koki, na kila Jumamosi asubuhi wanafunzi walipanda kwa ngazi za chuma zilizolia chini ya viatu vyao. Wote walikuwa watu wazima wenye kazi zao: muuguzi, karani wa benki, mwenye duka la simu, wahasibu wawili wa ofisi moja waliokaa dawati moja wasiachane hata kwenda kunywa maji. Walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha biashara, na karibu wote walikuwa na uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Asiyekuwa na uso huo alikuwa mwanamke aliyekaa safu ya nyuma, karibu na dirisha, na waliomjua walimwita Kipimo.

Jina hilo alilipata kiwandani. Alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha rangi za nyumba, na ndoo haikutoka mikononi mwake mpaka aipime, aikoroge, aipake kwenye kipande cha ubao, aingojee ikauke, kisha ailinganishe na ya jana. Wapakizi walimtania kwamba hata uji lazima aupime kwanza ndipo anywe. Naye alikuwa akicheka. Hiyo ilikuwa kabla ya moto.

"Haya," Mwalimu alisema, akagonga ubao. "Bomba la kwanza linajaza tangi kwa saa tatu, la pili kwa saa sita. Yakifunguliwa yote mawili kwa pamoja, tangi litajaa kwa muda gani? Asiyejua ashuke hapo chini dukani akaulize, watamuuzia jibu na koki juu yake."

Watu walicheka, wakainamia karatasi zao. Kipimo aliandika jibu, akaweka penseli, akatazama nje.

"Saa mbili," alisema alipoulizwa.

"Saa mbili! Mnaona? Wala hakuitafuna penseli." Mwalimu alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, na alipofurahi alipenda kupanda kwenye vidole vya miguu. "Huyu alipokuja hapa mara ya kwanza alikuwa anatetemeka hata akiulizwa jina. Sasa mtazameni. Huo ndio utulivu ninaowaimbia kila siku."

Ni kweli kwamba zamani alitetemeka. Alipotazama swali, namba zilikuwa zikitawanyika kama sisimizi waliomwagiwa maji, na moyo ulimwenda mbio mpaka akasahau hata jedwali la saba. Sasa namba zilikaa palepale zilipoandikwa. Alizichukua moja moja, akazipanga, akapata jibu, na jibu likawa sahihi, na halikumfanya kitu. Mwalimu aliita utulivu. Kipimo mwenyewe hakuwa na neno lake. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaoukanyagia ukaona ni wa mtu mwingine. Ila kwake haukuwa mguu peke yake, ulikuwa mwili mzima, na ile michomo inayokuja damu inaporudi ilikuwa haijamjia.

Mambo yalikuwa yamekwenda hivi. Mkurugenzi wa kiwanda alimwambia waziwazi kwamba akipata nafasi chuoni, umeneja wa uzalishaji ni wake. Masomo ya kujiandaa yalikuwa Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa zamu yake. Kwa hiyo alimwendea Cheko.

Cheko alikuwa msimamizi mwenzake na shoga yake wa miaka mingi. Kicheko chake ndicho kilichompa jina, maana kilisikika hata mashine za kukorogea zikiwa zinanguruma zote kwa pamoja. Walikula chakula cha mchana kwenye kopo moja, wakasengenyana mbele ya macho, wakanuniana na kupatana bila mtu kuingilia. Ni Cheko huyohuyo aliyemwingiza maneno ya kusoma. "Unasubiri nini?" alikuwa akimwambia. "Unasubiri wamlete mvulana mwenye koti, asiyejua brashi wala ufagio, aje akufundishe kazi yako?" Basi wakabadilishana. Cheko akachukua Jumamosi, Kipimo akachukua Jumapili.

Jumamosi za mwanzo zilipita salama. Kisha ikaja ile moja. Foko, ile gari ya kunyanyulia mizigo, ilikuwa ikisogeza mapipa kwenye ghala la thina, ile dawa ya kuzimulia rangi yenye harufu kali, ikatoa cheche. Kwenye thina cheche haiulizi mara mbili. Watu walikimbilia uani. Cheko aliwapanga, akaita jina la kila mtu, mpakizi mmoja hakuitika. Akarudi ndani kumtafuta. Mpakizi huyo alikuwa nje ya geti, ananunua vocha ya simu, na alirudi akiikwangua kwa kucha na kukuta paa limeshaanguka.

Wakati huo simu ya Kipimo ilikuwa imezimwa ndani ya mkoba. Alishuka ngazi za chuma baada ya somo, akaona moshi mweusi juu ya mapaa ya mbali, akadhani watu wanachoma matairi. Alinunua soda, akainywa kwa starehe, akasimama kivulini. Ndipo alipowasha simu.

Msibani kwa Cheko alifanya kila kinachofanywa na rafiki. Alichota maji, aliosha masufuria, aliwatandikia wageni mikeka. Wanawake walimshika mabega wakamwambia, "Lia, mwanangu, utapasuka," na yeye akangoja alie, kama mtu anayengoja kupiga chafya. Haikuja. Jumamosi iliyofuata ilimkuta amekaa darasani. Hakuna aliyemwambia arudi, wala yeye hakukata shauri la kurudi. Ilikuwa Jumamosi, na miguu ilijua njia.

*

Alikuwa akiishi na shangazi yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu akiwa mdogo na ambaye mpaka leo alimwita "mtoto" mbele za watu. Jioni moja Shangazi aliweka chakula mezani, akakaa kumtazama bila kugusa sahani yake mwenyewe. Kipimo alikula mpaka akamaliza, akanywa maji kidogo, akasema asante.

"Mtoto," Shangazi alisema, "kimekuwaje chakula?"

"Kizuri."

"Nimekuuliza kimekuwaje."

"Kizuri, Shangazi."

Shangazi alichukua kijiko, akachota mabaki ya mchuzi kwenye sahani ya mpwa wake, akaonja. Machozi yakamtoka palepale, akakohoa, akapiga meza kwa kiganja, akakimbilia mtungi wa maji. "Nimetia pilipili ya wiki nzima humo!" alisema alipopata pumzi. "Nilitaka nione tu. Na wewe umekula kama uji wa mgonjwa!"

Kipimo alipitisha ulimi kwenye midomo. Ilikuwa ya moto, ndiyo, sasa alipoambiwa.

"Uende ukaonane na daktari," Shangazi alisema.

"Nitamwambia nini? Kwamba nimekula nikashiba?"

"Utamwambia kwamba humo ndani hamna mtu." Alijifuta macho kwa upindo wa kanga, na sauti yake ikashuka. "Nagonga, mtoto. Nagonga kila siku, hafungui mtu."

Kipimo aliosha vyombo, akavifuta, akavipanga kwa ukubwa. Kisha akafungua kitabu cha hesabu na kuendelea alipoishia, kwenye riba na asilimia, wakati nyuma yake cherehani ikianza kutetemeka na kunyamaza, kutetemeka na kunyamaza, kama mtu anayetaka kusema neno akalirudisha.

*

Sehemu ya mwisho ya mtihani ilikuwa insha. Mwalimu aliwaambia kwamba swali lilikuwa lilelile kila mwaka, linabadilishwa nguo tu: eleza tukio la kazini kwako lililokufunza uongozi. Kila mtu aandae tukio lake, alijue kwa moyo, akifika aliteremshe.

Muuguzi alisema ataandika juu ya siku umeme ulipokatika wodini. Mwenye duka la simu alikuwa na wizi. Karani wa benki, kijana nadhifu waliyemwita Tai, si yule ndege bali ile ya shingoni, alilalamika kwamba benki kwao halitokei jambo lolote. "Labda niandike siku kalamu ilipokatika kamba," alisema, watu wakacheka. Kisha akageuka akamtazama Kipimo, na kabla hajauzuia mdomo wake akasema, "Dada Kipimo ndiye ameshapita. Mimi ningekuwa na tukio kama lake nisingekuja hata darasani."

Huko chini dukani mtu alikuwa akijaribu koki. Tai aliwiva masikio. Wahasibu wawili walitazama dawati lao.

"Ni kweli," Kipimo alisema. "Nitaandika moto."

Hakusema ili kumwumbua, wala kumsitiri. Aliulizwa tukio, tukio alikuwa nalo.

Akaandika. Aliandika vizuri kuliko alivyowahi kuandika kitu: ghala, foko, cheche, uani, majina yanaitwa, paa. Mwalimu aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Aliposhusha karatasi macho yake yalikuwa mekundu.

"Hii ni dhahabu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini inasomeka kama ripoti ya bima. Kila kitu kipo, mtu hayupo. Huyu rafiki yako hasemi lolote humu. Mtafutie maneno. Alisema nini asubuhi ile? Yale ya mwisho. Ukiyaweka hayo, msahihishaji ataandika alama huku anapenga kamasi."

"Sikuwa naye asubuhi ile."

"Basi kuna aliyekuwa naye."

*

Mume wa Cheko alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa na vioo viwili vilivyotazamana, feni iliyopeperusha nywele zilizokatwa kabla hazijafagiwa, na benchi la wanaosubiri. Kipimo alipoingia, kinyozi alikuwa anamnyoa mzee mmoja aliyefunikwa shuka mpaka kidevuni.

"Karibu, shemeji," alisema, akimwona kwenye kioo. Alikuwa amekonda. "Umekuja kunyoa?"

"Nimekuja kuuliza kitu."

"Uliza tu. Huyu mzee sikio la huku halisikii."

"Linasikia," mzee alisema kutoka ndani ya shuka.

"Asubuhi ile," Kipimo alisema, "Cheko alisema nini kabla hajatoka?"

Mashine ya kunyolea ilizimwa. Kinyozi hakugeuka. Walitazamana ndani ya kioo, na ndani ya kioo cha nyuma yake, na ndani ya kile kingine tena.

"Kwa nini leo?"

"Kuna insha, ya mtihani wa chuo. Naandika juu ya moto. Mwalimu amesema niweke maneno yake ya mwisho, ili iwe na uhai."

Aliyasikia maneno yake yakitoka kwa mpangilio, kama anayesoma maandishi ya kwenye ndoo. Alijua kabisa kwamba ni maneno ya mtu kupigwa kofi. Akakaa kungoja kama kofi litakuja, bila kuliogopa, mikono juu ya mapaja.

Kinyozi aliinua mashine, akaipuliza nywele, akaitazama meno yake kwa muda mrefu.

"Alinuna," alisema.

"Alinuna?"

"Tangu alipofungua macho. Kulikuwa na michezo shuleni kwa binti yetu, na yeye alitaka kwenda. Akasema, 'Jumamosi zangu zote zinakwenda kumfanya Kipimo awe bosi wangu.' Nikamwambia, basi si umwambie hutaki? Akasema, 'Nitamwambiaje, na mimi ndiye niliyemtia upepo asome?' Halafu akatafuta kiatu hakukiona. Kile kiatu ndicho kikageuka kesi yangu mimi. Nimekiweka wapi, nyumba hii kila kitu kinatembea, mimi naishi na watu gani. Alipokipata alitoka, hakuaga. Alibamiza mlango mpaka kalenda ikaanguka." Akawasha mashine, akaizima tena. "Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, shemeji. Yalikuwa juu ya kiatu."

"Ya marehemu wangu yalikuwa juu ya dirisha," mzee alisema, hakuna aliyemwuliza. "Kwamba silifungi vizuri."

Kinyozi aliweka kiganja juu ya kichwa cha mzee, nusu kimenyolewa nusu bado, kama mtu anayejishikiza asianguke.

"Una hasira na mimi?" Kipimo aliuliza.

"Nilikuwa nayo. Sasa nina watu wa kunyoa." Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama uso kwa uso, si kwenye kioo. "Andika. Sikukatazi. Lakini ukiandika, andika kwamba alinuna. Usimgeuze malaika. Watu wamekuja kwangu mpaka nimechoka, na kila mmoja ananiletea sifa za mke nisiyemjua. Mimi wangu alikuwa mkali asubuhi."

*

Mwalimu alipoelezwa alikunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyochacha.

"Hapana, hapana. Hiyo inamchafua marehemu, na inakuchafua wewe. Andika hivi: 'Nenda kasome, rafiki yangu. Nyuma yako nipo mimi.'"

"Hakusema hivyo."

"Nani atajua?"

Kipimo alifikiri. Kinyozi angejua, na yule mzee, na hao wawili hawakuwa wasahihishaji. Aliandika, kisha akaandika na mwisho alioutunga Mwalimu, wenye mafunzo juu ya kujitoa na kuaminiana na kubeba bendera ya aliyeanguka. Aliisoma insha nzima asubuhi akipiga mswaki na jioni akikunja nguo, mpaka akaweza kuiteremsha bila kusita, kama wimbo wa shule.

Siku ya mtihani Shangazi alimpigia pasi blauzi, akamvisha mwenyewe kama anayekwenda kuanza darasa la kwanza, akamfunga vifungo huku akinung'unika kwamba blauzi imebaki inaning'inia. Nje ya ukumbi watu walikuwa wanapitia vitabu kwa pupa, midomo ikiwacheza. Tai alimsogelea, tai yake imekaza shingo.

"Dada, siku ile nilisema upuuzi. Nimeshindwa kulala kwa ajili yake."

"Hukusema upuuzi."

"Bora ungenitukana," Tai alisema kwa unyonge, na kengele ikalia.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, madawati yametengwa mbali mbali, na msimamizi alikuwa mama mwenye viatu vinavyolia kila anapokanyaga. Hesabu zilimwendea Kipimo kama maji kwenye mteremko. Alimaliza wakati wenzake wamebana vichwa kwa mikono, akarudia kuzikagua, zote zilikuwa sawa. Kisha ikaja insha. Swali lilikuwa lilelile, limevalishwa nguo mpya kama Mwalimu alivyosema.

Akaanza kuteremsha. Kiwanda, ubao wa rangi, miaka waliyofanya kazi pamoja. Mstari ulifuata mstari, mwandiko mzuri, hakuna kufuta. Akafika asubuhi ya Jumamosi. Aliandika, "Kabla hajatoka nyumbani, rafiki yangu," na hapo penseli ikaandika, "alinuna."

Alilitazama neno lile. Alingoja penseli ifute, haikufuta. Basi akaendelea kutoka hapo.

"Alinuna. Hakutaka kwenda kazini, alitaka kwenda kumwona binti yake akicheza. Alikwenda kwa sababu mimi nilimwomba na yeye aliona haya kukataa. Aligombana na mumewe juu ya kiatu, akabamiza mlango. Mchana ghala liliwaka. Mtu mmoja hakuitika alipoitwa, rafiki yangu akarudi ndani kumtafuta. Mtu huyo alikuwa nje ya geti, ananunua vocha. Mimi nilikuwa darasani, simu nimeizima. Baadaye nilikunywa soda."

Aliandika tena mstari mmoja: "Sijui hili limenifunza nini."

Mistari ya karatasi ilibaki mingi, na muda ulibaki mwingi pia. Yale mafunzo ya Mwalimu yalikuwepo kichwani, yamejipanga, yanangoja zamu yao. Aliyatazama yakimpita kama mtu anayetazama gari asilolisafiria. Akaweka penseli. Viatu vya msimamizi vilikuja, vikasimama ubavuni pake, vikaenda zao.

Njiani kurudi, jua la mchana likiwa limemkaa utosini, alikuwa anavuka barabara mbele ya duka la vitambaa aliposikia mtu anasema kwa sauti, "Sasa kununa kwa nini? Si ungekataa tu!" Mwanamke aliyekuwa akipanga majora mlangoni aliinua kichwa. Ndipo Kipimo alipojua kwamba aliyesema ni yeye.

Alisimama katikati ya watu. Kitu kidogo, kichungu, kilikuwa kimeamka ndani yake. Hakikuwa huzuni, huzuni angeijua. Alikuwa amekasirika. Alimkasirikia Cheko kama walivyokuwa wakikasirikiana siku zote, kwa jambo la kijinga, kwa kunyamaza pale alipotakiwa kusema, kwa kukimbilia ndani kumtafuta mtu mzima mwenye miguu yake miwili. "Mjinga wewe," alisema tena, taratibu. "Mjinga wa mwisho."

"Dada, unanitukana mimi?" mwenye vitambaa aliuliza.

"Hapana, dada. Nisamehe. Nasema na mwenzangu."

Kile kitu kilikaa kwa urefu wa mtaa mmoja. Alitembea polepole ili kisiondoke. Alipofika nyumbani kilikuwa kimeshakwenda, mwili umerudi kuwa wa mtu mwingine, na Shangazi alipouliza mtihani umekuwaje, alisema umekuwa mzuri.

*

Matokeo yalipotoka alikuwa amepita. Shangazi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja, na mmoja alikuja na povu la sabuni mikononi. Walimkumbatia, wakamzungusha, wakamwuliza atawakumbuka akiwa tajiri. "Nimefurahi," Kipimo alisema, kwa kuwa ndilo lililohitajika. Shangazi alimtazama juu ya mabega ya watu, akaacha kupiga vigelegele, akaenda kuweka maji ya chai.

Mwalimu alimwita darasani kumwonyesha alama zake. Kwenye hesabu hakuna mwanafunzi wake yeyote aliyewahi kufika pale. Kwenye insha alikuwa wa mwisho, chini hata ya Tai na kalamu yake iliyokatika kamba. Kwa jumla zilimtosha kupata nafasi katika masomo ya jioni.

"Soma alichoandika msahihishaji," Mwalimu alisema, akamsogezea karatasi. Alikuwa ameumia kama aliyetusiwa yeye. "Dhahabu ulikuwa nayo mkononi. Ulifanya nini?"

Kipimo alisoma. Jibu lake alikuwa ameshaliandika, akamrudishia karatasi.

Kutoka pale alikwenda kwa kinyozi. Mchana ule duka lilikuwa limejaa, watu wamebanana kwenye benchi wakibishana juu ya mpira, na ilibidi asimame mlangoni mpaka kinyozi alipomwona.

"Shemeji! Wamesemaje?"

"Nimepata. Masomo ya jioni."

"Hongera." Alisema kwa moyo, ingawa mikono haikusimama. "Na ile insha?"

"Niliandika kwamba alinuna."

Mashine ilinyamaza. Aliyekuwa ananyolewa alifungua jicho moja.

"Uliandika na kiatu?"

"Na kiatu. Na mlango."

"Wakasema nini?"

"Wamesema, 'Fupi mno. Haina hitimisho.'"

Kinyozi alimtazama. Kwanza mabega ndiyo yaliyoanza, kisha kifua, kisha akaweka mashine juu ya meza kwa sababu haikuwa salama kuishika, akacheka. Alicheka ameinama, mkono kwenye goti, mpaka wale wa mpira wakanyamaza kumtazama na mteja akashika kichwa chake kuhakikisha kipo. Haikuwa wazi ni wakati gani kicheko kiligeuka kilio. Alijifuta uso kwa taulo la wateja, akaenda kufungua maji, akanawa, akarudi.

"Fupi mno," alisema. "Haya. Na kiwanda, utakiacha?"

"Hapana. Nitasoma jioni, kazi mchana."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi nipo zamu."

Kinyozi aliitikia kwa kichwa, akatikisa shuka, akamfunika upya aliyekuwa kwenye kiti. Mtu mmoja kwenye benchi alisogea, kisha wa pili, ikapatikana nafasi ndogo pembeni. Kipimo alikaa. Mabishano ya mpira yalianza tena juu ya kichwa chake, feni ikampeperushia nywele za watu kwenye blauzi, na watu waliendelea kuingia na kutoka. Zamu yake ya kunyolewa haikuwepo, na hakuna aliyemwuliza anasubiri nini.